Tatu wa Kibamba: mgeni aliyejua Kifaransa, akakosa Kiswahili

Ukishuka ku Misisi leo na mfuko mgongoni, swali la kwanza halitakuwa la pesa. Utaulizwa: «Unatoka wapi?» Wa Walungu atajibu, wa Shabunda atajibu, wa Kalemie atajibu, na Mubembe mwenye udongo atacheka kidogo, halafu atasema karibu. Mgodi hauna watu wengi waliozaliwa pale pale. Hata PDG mwenye shimo, hata mama anayetwanga mawe mbele ya nyumba, wengi wao walifika na gari au kwa miguu, wakafikiri watakaa mwezi mmoja, na sasa watoto wao wanasoma hapo.

Kwa hiyo neno «mgeni» tunalijua vizuri. Lakini kuna mgeni na mgeni. Yule wa Walungu, kesho utamkuta anabishana bei ya mukungu wa ndizi kama mtu wa siku zote. Mwingine anafika katika gari ya vioo vyeusi, anashuka na mkalimani, anapanda na mkalimani, na miezi sita baadaye hakuna mtoto hata mmoja wa kijiji anayejua jina lake. Wasomaji wetu kadhaa wametuuliza: mtu wa ng'ambo kabisa anaishije katika misitu na milima hii yetu? Anakula nini, anaumwa nini, anaelewana namna gani na watu?

Tungeweza kujibu kwa maneno ya jumla. Tumeona afadhali tumfuate mtu mmoja aliyeishi Fizi miezi saba, akafanya kazi hapa, akashindwa, halafu akaandika yote bila kujificha, hata yale ya aibu. Dunia nzima inamjua kama Che Guevara. Hapa kwetu jina lake lilikuwa Tatu.

Majina matatu kutoka katika kamusi

Ilikuwa mwaka wa 1965. Uasi wa Simba ulikuwa umepoteza Stanleyville, serikali ya Léopoldville chini ya Tshombe ilikuwa imekodi askari wazungu, na eneo la Fizi na Baraka lilikuwa kati ya sehemu za mwisho ambazo waasi walikuwa wanashika. Cuba ikaamua kutuma watu wa kufundisha vita. Che, daktari mzaliwa wa Argentina aliyekuwa waziri wa viwanda kule Cuba, alinyoa ndevu, akavaa miwani, akafika Dar es Salaam kwa jina la uongo.

Huko Dar walifungua kamusi ya Kiswahili ili wapate majina ya kujificha, na wakachukua hesabu. Kiongozi wa kundi, Víctor Dreke, akawa Moja. Wa pili, José María Martínez Tamayo, akawa Mbili. Che akawa Tatu. Waliofuata waliendelea hivyo hivyo. Daktari mmoja Mkuba aliitwa Kumi. Fikiria kwanza: mtu anaingia katika nchi ya watu, na maneno ya lugha yao anayoyajua ni moja, mbili, tatu.

Wakavuka kutoka Kigoma usiku, watu 14 wa kwanza, wakafika Kibamba, kando ya ziwa Tanganyika kusini mwa Fizi, alfajiri ya tarehe 24 Aprili. Wakuba karibu wote waliochaguliwa walikuwa weusi, ili wasijulikane upesi. Tatu alikuwa muzungu peke yake kati yao, au karibu. Waliwaambia wenyeji kwamba huyu ni daktari na mkalimani wa Kifaransa. Tchamlesso, kiongozi Mkongomani aliyevuka pamoja nao, aliposikia ni nani hasa alishtuka sana, na habari ikabaki siri.

Homa, dawa na mzigo

Mgeni wa msitu hutambulishwa kwanza na homa. Wakuba walianguka mmoja baada ya mwingine. Kambi yao ya juu, ambayo waliiita Luluabourg, ilikuwa mlimani, juu kabisa ya Kibamba, mwendo wa masaa mengi wa kupanda katika matope na miti. Tatu alikuwa na pumu tangu utoto. Kupanda mlima huo na kifua kinachofunga, halafu homa, halafu kuharisha: mwili wake ulilipa bei yote. Wachimbaji wetu wanaopanda na gunia la mchanga mgongoni hawahitaji maelezo zaidi.

Siku za kwanza hakuna kazi aliyopewa. Wakubwa hawakuwapo, amri haikufika, kila asubuhi jibu ni «kesho». Basi akarudia kazi yake ya zamani, udaktari, katika zahanati ndogo ya Kibamba. Magonjwa aliyoyakuta hayatamshangaza muuguzi yeyote wa mgodi leo: malaria, magonjwa ya ndoa ambayo askari waliyaleta kutoka safari za Kigoma, na watu waliokunywa pombe mpaka wakalala chini. Akaanzisha pia masomo ya kila siku kwa watu wake, Kifaransa, Kiswahili na elimu ya jumla, ili uvivu usiwamalize.

Chakula kilikuwa shida, hasa kukipandisha juu. Hapa ndipo alipokuta kitu ambacho hakukielewa mpaka mwisho. Aliwaomba askari Wakongomani wabebe mizigo kutoka ziwani, na wao wakakataa, wakimwambia kwamba wao si motokari. Alikasirika. Baadaye, walipoona Wakuba wanabeba wenyewe, jibu likageuka: wao si Wakuba. Ukisoma habari hiyo ukiwa Ulaya unaweza kucheka, au kusema hawa watu ni wavivu. Sisi tunaisoma vingine. Babu za askari hao walibeba mizigo ya Wabelgiji kwa fimbo. Kubeba mzigo wa bwana asiyesema lugha yako kulikuwa na maana yake, na hakuna kamusi ambayo ingemwonyesha Tatu maana hiyo. Ingebidi aulize, jioni, karibu na moto, kwa maneno yake mwenyewe.

Hivyo hivyo juu ya dawa. Waganga waliwapaka wapiganaji dawa ya kuzuia risasi. Tatu hakuiamini, na aliogopa kwamba siku watu wakifa wengi lawama itawaangukia wageni. Tarehe 29 Juni walishambulia Bendera, penye bwawa la umeme. Shambulio likaharibika, Wakuba wanne wakafa, na karatasi zilizopatikana kwa maiti zikawajulisha adui kwamba Cuba iko Kongo.

Si kila siku ilikuwa chungu. Kule Nganja walikuta wafugaji wenye asili ya Rwanda, na nyama ya ng'ombe. Kwa watu wa Cuba waliokaa wiki nyingi juu ya mihogo, nyama ile ilikuwa karibu kama kurudi nyumbani kwa siku moja. Na alipozunguka mpaka Baraka na Fizi, alipokewa kwa ngoma na chakula. Ku Baraka aliona alama za utajiri wa zamani: palikuwa na kiwanda kidogo cha pamba, lakini vita vilikuwa vimekwisha kukiharibu kwa mabomu. Tunaandika jambo hilo kwa ajili ya vijana wa Baraka wanaodhani mji wao haujawahi kuwa na kiwanda.

Kifaransa cha wakubwa

Sasa tufike pale tulipotaka kufika. Tatu alisema Kifaransa vizuri, alikipata kwa mama yake tangu utoto. Kifaransa hicho kilimfikisha bila shida mezani kwa viongozi. Tchamlesso, Mitoudidi, Kabila, Masengo: wote waliongea naye Kifaransa. Barua zilikwenda kwa Kifaransa. Mikutano ilikuwa Kifaransa. Na yeye, kwa kuwa kila jambo lilionekana kwenda, hakujilazimisha.

Alipewa mwalimu wa Kiswahili, kijana wa miaka 16, Freddy Ilanga. Kijana huyo alitembea naye, akamtafsiria, akamfundisha. Mwanafunzi alikuwa na umri wa karibu mara mbili na nusu ya mwalimu. Lakini vita ilipopanda, masomo yalishuka.

Mwishoni, alipokwisha kutoka na kuketi kuandika hesabu ya makosa yake, aliliweka hili kati ya makosa yake mwenyewe: hakujifunza Kiswahili upesi wala vizuri vya kutosha. Na sababu aliyoitoa ndiyo inayotufanya sisi, wenye ukurasa wa Kiswahili katika gazeti la Kifaransa, tuisome mara mbili. Alisema Kifaransa ndicho kilichomponza, kwa sababu kilimwezesha kusema na wakubwa, na kwa njia hiyo kikamweka mbali na askari wa chini.

Kuna jambo lingine dogo katika maandishi yake. Laurent-Désiré Kabila alifika Kibamba mwezi wa Julai, akakaa siku chache tu, akaondoka tena. Tatu alimlaumu sana kwa kutokaa na watu wake. Lakini siku hizo chache Kabila alisema na wanakijiji kwa lugha yao, wakacheza, wakaimba, na mgeni aliona kwa macho yake jinsi watu walivyochangamka. Basi ndivyo ilivyokuwa: mwenye lugha hakukaa, na aliyekaa hakuwa na lugha. Mitoudidi, ambaye pengine angeweza yote mawili, alizama ziwani tarehe 7 Juni, karibu na Kibamba hapo hapo.

Walioachwa ufukoni

Mwishoni mwa Septemba askari wa kukodiwa wa Mike Hoare walishuka Baraka kwa mashua. Nao walikuwa wageni, ila wao walikuja kwa mshahara na hawakuhitaji Kiswahili, walihitaji bunduki tu. Mji baada ya mji ulianguka. Usiku wa kuamkia tarehe 21 Novemba Wakuba walipanda mashua kurudi Kigoma. Nafasi haikutosha. Kuna Wakongomani waliotaka kupanda wakaachwa, na Tatu hakuficha uchungu na aibu ya saa ile. Alikaa Dar es Salaam akiandika. Kitabu hicho kilichapishwa baada ya miaka zaidi ya 30, na yeye wakati huo alikuwa amekwisha kuuawa Bolivia, mwaka wa 1967.

Wageni wanaondoka na mashua. Hilo watu wa Fizi wanalijua zaidi ya wengine, juu ya wao pia walivuka ziwa lile lile. Vita vya 1996 viliwatupa maelfu ya watu wetu Kigoma, katika kambi ya Nyarugusu, na wengine wamezaa na kuzika huko. Kuna mama zetu ambao wameishi ugeni Tanzania miaka mingi kuliko waliyoishi Fizi. Na upande mwingine, tangu 2015, kambi ya Lusenda, kati ya Uvira na Baraka, inawahifadhi Warundi waliokimbia kwao. Huyu anakwenda, yule anakuja. Mrundi wa Lusenda hachukui hata mwezi, tayari anauza na kununua sokoni kwa Kiswahili. Hakufundishwa na mtu. Njaa ndiyo mwalimu wake.

Wasio na njaa hiyo ndio wanaochelewa. Tusiwaseme vibaya wote. Madaktari wa MSF walifanya kazi ku Baraka tangu 2003, wakatibu kipindupindu na malaria na watoto wenye utapiamlo, na wengi kati yao walikuwa watoto wa Kongo wa mikoa mingine, wageni kama sisi wa Misisi. Watu wenye silaha wakawashambulia katika njia, na mwishoni wakalazimika kuondoka Fizi. Aliyewapiga hatumjui. Aliyebaki anatafuta pesa ya kumpeleka mtoto hospitalini, huyo tunamjua, ni jirani yetu.

Lakini wageni wa dhahabu ni habari nyingine. Tangu Wabelgiji mpaka SOMINKI, iliyoundwa 1976 na kufa 1997, Kivu imezoea kampuni yenye wakubwa wanaokaa juu ya kilima na wafanyakazi wanaokaa chini. Leo wako wanaofika na mashine za kuchimba mitoni. Mwezi wa Agosti 2021 gavana wa Sud-Kivu alisimamisha kampuni kadhaa za Kichina zilizokuwa zinachimba dhahabu kule Mwenga, na kilio cha watu kilikuwa kimoja: mito imeharibika, mashamba yamechukuliwa, na hakuna mtu wa kusema naye.

Hakuna mtu wa kusema naye. Neno hili tunalisikia kila tunapokwenda mgodini. Siku moja tulikaa katika mkutano wa kampuni moja na wakaaji, hatutasema kampuni gani wala kijiji gani. Mgeni alisema dakika kumi, kwa lugha yake, uso mkavu. Mkalimani akasimama, akakohoa, akasema: «Anasema asante sana.» Watu wakapiga makofi. Muzee mmoja karibu nasi akauliza kwa sauti ya chini: «Ile yote ni asante tu?» Hakuna aliyemjibu. Halafu karatasi ya Kifaransa ikazungushwa, watu wakatia kidole.

Basi tuseme wazi yale ambayo karatasi hizo husema, au zinapaswa kusema. Kwa sheria ya madini ya 2002, iliyorekebishwa 2018, kadi ya mchimbaji wa mkono hutolewa kwa Mkongomani tu. Mgeni wa ng'ambo hana haki ya kuchimba kwa mkono wala kujificha nyuma ya kadi yako. Ukimwazima jina lako, wewe ndiye utakayeulizwa. Kampuni yenye kibali cha kuchimba inapaswa kuandikiana na wakaaji kitabu cha wajibu, ile inayoitwa cahier des charges, yaani barabara gani, shule gani, maji gani, na lini. Tena inapaswa kutenga angalau 0,3 kwa mia ya mauzo yake ya mwaka kwa maendeleo ya wakaaji. Cahier tuliyowahi kuishika mkononi iliandikwa Kifaransa kitupu. Ombeni isomwe kwa Kiswahili, neno kwa neno, mbele ya wote, mama wakiwapo, kabla kidole hakijaguswa na wino. Kama wana haraka, wapeni viti wakae. Mtu anayetaka kuchimba miaka 20 hawezi kukosa masaa mawili.

Na kwa mgeni mwenyewe, kama kuna anayetusoma kwa msaada wa rafiki: lipa mtoto wa shule akufundishe. Jifunze kwanza kusalimia wazee, kuuliza habari za mgonjwa, na kuuliza udongo ni wa nani. Bei ya dhahabu utaijua tu, hiyo haina shida.

Tulimwacha mwalimu wa Tatu njiani, tumrudie. Wakuba walipomaliza, walimtuma Freddy Ilanga Cuba. Alidhani ni kwa muda. Akajikuta mgeni katika nchi ya mbali, bila ndugu, bila habari ya nyumbani, mtu wa Kongo anayejifunza Kispania kwa lazima kama vile mwanafunzi wake alivyopaswa kujifunza Kiswahili. Yeye alijifunza. Alisoma udaktari kwa lugha ile, akawa mpasuaji wa ubongo, akaoa, akakaa miaka 40. Alifariki huko mwaka wa 2005. Lakini kabla ya hapo, siku moja simu ililia nyumbani kwake Cuba. Ilikuwa inatoka Bukavu, na waliokuwa wanaita ni watu wa familia yake.